Kilomita 9,560, lakini saa ngapi? Maswali ya wasomaji kuhusu safari ndefu za ndege

Mfano utakaorudi mara kwa mara katika majibu haya ni London na Tokyo, maana karibu kila kinachovuruga hesabu ya safari ya ndege kimeikumba safari hiyo. Saa iliyoandikwa kwa nukta mbili, kama 14:30, ni ya mtindo wa tiketi, inayoanza kuhesabiwa saa sita usiku. Kwa hiyo 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Tukiandika "saa 14" bila nukta, tunataja muda.

Ndugu Mhariri, nimetafuta umbali kati ya London na Tokyo nikapata majibu matatu: kilomita 9,560, maili 5,940 na maili 5,160. Kisha jamaa aliyesafiri akaniambia skrini ya kwenye kiti ilionyesha zaidi ya kilomita 11,000. Nishike lipi?

Yote ni sahihi, ila hayapimi kitu kimoja. Maili 5,940 ni maili za nchi kavu, ambazo kila moja ni kilomita 1.609. Maili 5,160 ni maili za baharini, zenye kilomita 1.852 kila moja, na hizo ndizo marubani wanazotumia. Mitandao mingi huandika "maili" tu bila kufafanua, na mtu akigeuza maili ya baharini kwa kipimo cha nchi kavu hupoteza zaidi ya kilomita 1,200 katika safari kama hii.

Kilomita 9,560 ni umbali mfupi kuliko wote juu ya uso wa dunia, unaofuata kile kinachoitwa duara kuu. Zile za kwenye skrini ni njia ambayo ndege iliipita kweli siku ile, na sababu za kurefuka kwake tunazieleza mbele.

Ukitaka kuhakiki mwenyewe, huhitaji zaidi ya kikokotoo chenye sin na cos. Andika latitudo na longitudo za miji yote miwili. London ni 51.51 kaskazini na 0.13 magharibi, Tokyo ni 35.68 kaskazini na 139.69 mashariki. Magharibi na kusini huwekewa alama ya kutoa. Tofauti ya longitudo basi ni 139.69 kutoa (−0.13), yaani digrii 139.82. Sasa zidisha sin ya latitudo moja kwa sin ya nyingine: 0.7827 × 0.5832 = 0.4565. Kisha zidisha cos ya latitudo moja, cos ya nyingine, na cos ya tofauti ya longitudo: 0.6224 × 0.8123 × (−0.7640) = −0.3863. Jumlisha: 0.0702. Bonyeza cos kinyume upate digrii 85.97, uzidishe kwa 111.19, ambazo ni kilomita za digrii moja kwa dunia yenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Jibu ni 9,559, yaani 9,560 kwa makadirio.

Makosa ni mawili, yaleyale kila siku. La kwanza ni kusahau alama ya kutoa kwa mji wa magharibi. Kwa London halidhuru sana kwa kuwa iko karibu na sifuri, lakini kwa New York jibu litakuwa la kuchekesha. La pili ni kikokotoo kilichowekwa kwenye radiani badala ya digrii. Ukipata umbali unaozidi kilomita 20,000, rudia hesabu, maana hakuna miji miwili duniani iliyoachana zaidi ya nusu ya mzingo wa dunia.

Tofauti ya makumi machache ya kilomita kati ya mtandao na mtandao isikusumbue. Wengine hupima katikati ya mji, wengine uwanja wa ndege (Narita iko kiasi cha kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo), na wengine huzingatia kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha. Kule kubonyea hubadilisha jibu kwa takriban nusu asilimia, si zaidi.

Tokyo iko kusini kuliko London. Mbona mstari wa safari kwenye ramani unapinda kuelekea kaskazini?

Kilichopinda ni ramani. Chukua tufe la dunia, vuta uzi uliokazwa kutoka London hadi Tokyo, nao utapita wenyewe Skandinavia na Siberia. Njia hiyo fupi hupanda hadi karibu latitudo 71 kaskazini, ndani ya Duara la Aktiki, kabla ya kushuka. Ramani bapa ya Mercator huzivuta nchi za kaskazini mpaka Greenland inaonekana kulingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa mara 14 hivi. Ramani inayodanganya kiasi hicho isiaminiwe kwa njia za ndege.

Nimesoma kuwa ndege kubwa hukimbia kilomita 900 kwa saa. Nikigawanya 9,560 kwa 900 napata saa 10 na dakika 37. Ratiba za zamani za London na Tokyo zilikuwa karibu saa 12. Saa nzima na zaidi imekwenda wapi?

Kasi ya 900 ni ya katikati ya safari tu. Ndege kama Boeing 787 na Airbus A350 husafiri kwa takriban asilimia 85 ya kasi ya sauti. Huko juu, kwenye baridi ya nyuzi 56 chini ya sifuri, sauti hukimbia kilomita 1,062 hivi kwa saa, na asilimia 85 yake ni kama 900. Ndege ndogo za aina ya Boeing 737 na Airbus A320 huenda kwa asilimia 78, yaani kilomita 830 hivi.

Lakini muda wa ratiba hauanzi ndege inapopaa. Huanza inapoondolewa getini, na huisha inapoegeshwa getini upande wa pili. Ndani yake kuna kujikokota hadi njia ya kurukia, na kwenye uwanja wenye msongamano foleni hiyo pekee humeza dakika 20 au zaidi. Kuna kupanda, na katika anga za nchi nyingi ndege iliyo chini ya futi 10,000 hairuhusiwi kuzidi noti 250, yaani maili 250 za baharini kwa saa, sawa na kilomita 463 kwa saa. Kuna kushuka, kunakoanza kilomita 200 hivi kabla ya uwanja. Na kuna kuzungushwa angani kungoja zamu ya kutua. Uwanja wa Heathrow wa London ni maarufu kwa hilo.

Kanuni ya haraka inayofaa ni hii: gawanya kilomita kwa 850, kisha ongeza dakika 40. London–Tokyo kwa njia fupi inatoa saa 11 na dakika 55. Singapore–New York, kilomita 15,349, inatoa saa 18 na dakika 44, karibu sawasawa na ratiba yake. Kwa safari ya kuelekea mashariki au magharibi kanuni hii inahitaji marekebisho ya upepo, ambayo ndiyo swali linalofuata.

Jambo moja zaidi: mashirika huongeza dakika kadhaa za akiba kwenye ratiba. Ndege huhesabiwa kuwa imefika kwa wakati ikiwa haijachelewa kwa dakika 15, na ratiba iliyolegezwa kidogo hupendezesha takwimu. Rubani akitangaza kwa fahari kuwa mmefika dakika 20 mapema, huenda mmefika kwa wakati wenu halisi.

Kutoka London kwenda New York ni karibu saa 8, kurudi ni saa 7 au chini. Je, ni kwa sababu dunia inazunguka?

Hapana, japo dhana hii haitaki kufa. Hewa yote inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Ingekuwa ni mzunguko, ndege ya kuelekea magharibi ndiyo ingewahi kufika, kwa kuwa mji unasogea kuelekea mashariki kuifuata. Hali halisi ni kinyume.

Sababu ni mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, palepale ndege zinaposafiri. Hutokana na tofauti ya joto kati ya ukanda wa tropiki na ncha za dunia, ikipindishwa na mzunguko wa dunia. Kwa hiyo mzunguko una mkono wake, ila si kwa namna inayodhaniwa. Wakati wa baridi tofauti ya joto hukua na mikondo huongezeka nguvu. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Februari 2020, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, ikipita juu ya ardhi kwa zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa. Haikuvunja kasi ya sauti hata kidogo, maana kasi hiyo hupimwa kwa hewa inayoizunguka ndege, na hewa yenyewe ilikuwa inakimbia.

Kusini mwa ikweta ni vilevile. Johannesburg na Sydney zimeachana kilomita 11,040 hivi. Kuelekea Sydney ni chini kidogo ya saa 12, na kurudi Johannesburg ni kama saa 14. Kwa hiyo katika kanuni yetu, safari ndefu ya kuelekea mashariki ipunguziwe hadi asilimia 10, au zaidi kidogo pale mkondo ulipo imara, na ya magharibi iongezewe asilimia 5 hivi. Safari ya kaskazini–kusini iache ilivyo.

Usidhani kwamba unachopoteza kwenda unakirudisha chote kurudi. Chukua kilomita 5,550 za London–New York, kasi ya 900 na upepo wa 100. Kwenda kwa kasi ya 800 ni saa 6 na dakika 56. Kurudi kwa 1,000 ni saa 5 na dakika 33. Jumla ni saa 12 na dakika 29, ambapo bila upepo ingekuwa 12 na dakika 20. Upepo wa mbele unakushika kwa muda mrefu kuliko ule wa nyuma unavyokusukuma.

Ikiwa njia fupi inajulikana, kwa nini ndege isiipite?

Kwa London–Tokyo jibu ni la kisiasa. Njia fupi hupita Urusi kwa maelfu ya kilomita. Tangu mwanzoni mwa mwaka 2022 anga hiyo imefungwa kwa mashirika ya Uingereza na Umoja wa Ulaya, na ya Japani nayo yameacha kuipita. Sasa huzunguka, ama juu kabisa kupitia upande wa Alaska na Greenland, ama chini kupitia Uturuki na Asia ya Kati. Saa 12 zimekuwa 14 na kitu. Mashirika ya China bado hupita Urusi, ndiyo maana safari zao za Ulaya zimebaki fupi.

Upepo nao huhesabiwa. Mpangaji wa safari hatafuti kilomita chache. Anatafuta dakika chache na mafuta machache. Ndege ya Singapore–New York inaweza kuchagua njia ya Pasifiki yenye zaidi ya kilomita 16,000 ikawahi kuliko ambavyo ingewahi kwa njia fupi. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, vituo vya kuongoza ndege vya Gander na Shanwick hupanga njia upya mara mbili kwa siku: za mchana kwa wanaoelekea magharibi, za usiku kwa wanaoelekea mashariki.

Kisha kuna kanuni ya ndege zenye injini mbili. Ndege ya namna hiyo lazima wakati wote iwe mahali ambapo, ikibaki na injini moja, inaweza kufikia uwanja unaofaa ndani ya muda fulani. Kiwango cha msingi ni dakika 60. Kwa vibali hupanda hadi 120, 180 na kuendelea. Boeing 787 imefika 330 na Airbus A350 imefika 370. Hili huhusu zaidi bahari za kusini, ambako viwanja ni vya kuhesabu.

Safari ndefu kuliko zote ni ipi, na kwa nini hazirefuki zaidi?

Kwa zisizotua njiani, ni Singapore–New York ya Singapore Airlines, karibu saa 19. Kinachozuia ni uzito wa mafuta: ili kubeba mafuta ya saa ya 19, unachoma mafuta mengine katika saa 18 za kwanza. A350-900ULR inayofanya kazi hiyo hubeba lita 165,000 na ina viti 161 tu, bila daraja la kawaida.

Tiketi inaonyesha natoka Tokyo 10:00 na kufika London 15:30 siku hiyohiyo. Hizo ni saa tano na nusu tu! Nimekosea wapi?

Hujakosea, ila umetoa saa ya London kwenye saa ya Tokyo, nazo ni saa mbili tofauti. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji wake. Zigeuze zote mbili ziwe UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, ndipo utoe. Tokyo iko saa 9 mbele ya UTC, kwa hiyo 10:00 ni 01:00 UTC. London wakati wa baridi iko sawa na UTC, kwa hiyo 15:30 inabaki 15:30. Tofauti ni saa 14 na nusu.

Kwenda ni hivyohivyo. Ukitoka London Jumatatu 10:00 kwa safari ya saa 14, ni 00:00 UTC unapotua, na Tokyo ni Jumanne 09:00. Tiketi itaandika "+1" ndogo pembeni ya saa ya kufika. Alama hiyo ndiyo watu wasiyoiona wanapoweka nafasi ya hoteli. Wanalipia usiku watakaoumalizia angani.

Angalia pia nchi zinazosogeza saa. Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Japani haisogezi kabisa. Ndiyo maana London na Tokyo huachana saa 9 wakati wa baridi na 8 wakati wa kiangazi, na London na New York, ambazo kwa kawaida huachana saa 5, huachana 4 kwa wiki mbili au tatu za Machi. Mkutano mwingi umekosekana katika wiki hizo.

Ukivuka Mstari wa Tarehe katika Pasifiki, unaweza kufika "kabla" ya kuondoka. Auckland wakati wa kiangazi chake iko saa 21 mbele ya Los Angeles ya majira ya baridi. Ondoka Auckland 20:00, ruka saa 12, utatua Los Angeles 11:00 ya tarehe ileile.

Mtego mbaya kuliko yote ni wa ndege za baada ya saa sita usiku. Tiketi ikisema tarehe 15 saa 00:20, uwe uwanjani jioni ya tarehe 14. Anayefika jioni ya tarehe 15 amechelewa karibu siku nzima, na kwa kawaida tiketi imeshapotea.

Nitaunganisha ndege njiani. Dakika 90 zinatosha? Na kuna tofauti gani kati ya kununua tiketi moja na kununua mbili?

Hesabu dakika zenyewe. Geti hufungwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kuondoka, kwa hiyo 90 zimekuwa 70. Ukiwa umekaa nyuma ya ndege kubwa, kutoka tu ni dakika 20, zimebaki 50. Ukaguzi wa usalama wa mizigo ya mkononi, 25. Zimebaki 25 za kutembea, na kama geti liko jengo jingine la kufikiwa kwa treni au basi, zimekwisha. Hapo ndege ya kwanza haijachelewa hata dakika.

Kwa tiketi moja, mfumo haukuuzii muda ulio chini ya kiwango cha uwanja huo, begi hupelekwa hadi mwisho, na ukikosa ndege ya pili shirika linakutafutia nyingine. Kwa tiketi mbili, kwa shirika la pili wewe ni abiria asiyetokea. Begi unalichukua mwenyewe, ambayo ina maana ya kuingia nchini, na huenda ikahitaji viza ya nchi ambayo hukukusudia kuikanyaga. Ukilazimika kununua mbili, acha angalau saa 5, au lala hapo. Marekani ni kesi ya peke yake: hata kwa tiketi moja, kwa kawaida begi huchukuliwa kwenye uwanja wa kwanza wa kuingilia na kukabidhiwa tena.

Soma herufi tatu za uwanja, usisome jina la mji peke yake. Tokyo ina HND (Haneda) na NRT (Narita), na kati ya viwanja hivyo ni zaidi ya saa moja kwa basi au treni. London ina LHR (Heathrow), LGW (Gatwick) na vingine. Uunganishaji wa bei nafuu wenye kufika NRT na kuondoka HND hauna unafuu wowote ukiwa na masanduku mawili.

Kuhusu urefu, kuunganisha si lazima kukutupe mbali. London–Dubai ni kilomita 5,500 na Dubai–Tokyo karibu 8,000, jumla 13,500 badala ya 9,560. Lakini ndege ya moja kwa moja nayo inazunguka siku hizi, na pengo la muda limepungua. Na ukiambiwa safari ni ya namba moja ya ndege, uliza kama inatua popote. Namba moja inaweza kuwa na kituo katikati.

Je, umbali huu una faida yoyote kwa abiria wa kawaida, au ni wa wapenda hesabu?

Una faida ya fedha taslimu. Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya iliweka fidia kwa umbali wa duara kuu: euro 250 hadi kilomita 1,500, euro 400 hadi 3,500, na euro 600 juu ya hapo, isipokuwa safari za ndani ya Umoja, ambazo hubaki euro 400. Hulipwa ukifika kwa kuchelewa saa 3 au zaidi kwa sababu iliyo mikononi mwa shirika. Dhoruba haihesabiwi, hitilafu ya kawaida ya injini inahesabiwa. Kwa safari zinazozidi kilomita 3,500, ukichelewa zaidi ya saa 3 lakini chini ya 4, shirika linaruhusiwa kulipa nusu. Uingereza ina kanuni yake iliyofuata mfano huo, yenye pauni 220, 350 na 520.

Kama uliunganisha ndege kwa tiketi moja, mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2017 kwamba umbali upimwe kutoka ulikoanzia hadi mwisho wa safari kwa mstari mmoja, bila kujumlisha vipande. Abiria wa kilomita 3,450 na wa 3,550 wanatofautiana euro 200, kwa hiyo piga hesabu yako kwa longitudo na latitudo za viwanja kabla ya kuandika barua ya madai, uiambatanishe.